Mtaa mzima nikaulizwa mimi tu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni binti wa miaka 26, nimezaliwa Mwanza, baba kazaliwa Mwanza, babu kazaliwa Nansio kule Ukerewe enzi za pamba. Watu wakiniona wanasema Mhindi, sawa, ndo nilivyo, sina shida na hilo. Tuna duka la vitenge na mashuka maeneo ya Makoroboi. Sasa baada ya ile amri ya wageni kutofanya biashara ndogondogo wakaja jamaa wawili na mafaili, duka la kushoto wakaangalia leseni wakatoka, duka la kulia hivohivo, kwetu wakataka leseni, NIDA, cheti changu cha kuzaliwa, cha baba, na "karatasi za babu", na babu mwenyewe ni marehemu! Nikamwambia kaka mi Mtanzania, akasema "sawa, lakini kwenu hasa wapi?" Nikajibu Nansio. Wakacheka mpaka nikaona aibu mimi. Kijana wetu wa dukani, tuko nae mwaka wa 11 huu, ilimuuma kunizidi, akaacha chai yake nje kwenye kile kikombe chake cha plastiki huwa kinakaa juu ya boksi la mita, akaingia akawaambia huyu dada anaongea Kisukuma kuwashinda nyie (kweli naongea, kanifundisha yeye). Baba anasema nyamaza, toa hela ya soda yaishe. Mi sitaki. Hivi kisheria mi ni Mtanzania nusu au?
Binti wa Vitenge, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na mwangaluka. Mtanzania nusu hakuna, hicho kitu hakipo kwenye sheria yoyote, kipo kwenye vichwa vya watu tu.

Ile amri ilitoka Julai 2025, imetaja biashara 15, zimo rejareja, kutengeneza simu, saluni, uwakala wa miamala ya simu na nyingine, na inamkataza mtu ambaye si raia. Basi. Haijasema nywele wala pua. Mi binafsi sina ugomvi nayo, mama anaeuza mashuka Igoma ana haki ya kulindwa asishindane na mtu aliyekuja jana na kontena, ila anaelindwa ni raia na wewe ni raia, kwahiyo hiyo amri inakulinda na wewe pia, hao jamaa wameisoma kichwa chini miguu juu.

Na usidhani hili ni jambo jipya. Oktoba 1961, uhuru haujafika hata, bungeni kulikuwa na wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uende kwa rangi, Waafrika kwanza, wengine wakae pembeni. Nyerere aliwaka siku ile, akawaambia serikali yake itajiuzulu kama hilo likipita. Halikupita. Ila msije mkanipamba historia hapa, TANU yenyewe mpaka 1963 ndo ikafungua mlango kwa wanachama wasio Waafrika. Na kwenye hiyo serikali alikuwemo Amir Jamal, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa 1922 hapahapa Mwanza, kuanzia 1965 akashika Wizara ya Fedha na baadae akarudishwa tena. Wakikuuliza tena kwenu hasa wapi, waulize kwao hasa wapi yule aliyekuwa anabeba mfuko wa nchi.

Haya, karatasi za babu. Kama babu alizaliwa Nansio na mzazi wake hata mmoja alizaliwa Tanganyika, basi 9 Desemba 1961 aliamka raia, hakujaza fomu wala hakupanga foleni. Kama wazazi wake wote walikuja na jahazi kutoka Gujarat, ilibidi ajiandikishe na muda uliotolewa ulikuwa miaka miwili. Kwahiyo fungueni yale masanduku ya zamani mtafute cheti, sio kwasababu jamaa wamesema, ni kwasababu karatasi ya namna hiyo ikiliwa na mchwa watakuja kulia wajukuu zenu. Kadi yako ya NIDA nayo itazame, zipo za raia, za mgeni mkaazi na za mkimbizi, yako imeandikwaje?

Wakija tena usitukane, usilie, na soda usitoe, maana ukitoa wamepata jibu kwamba una cha kuficha na mwezi ujao watarudi na kiu. Waombe vitambulisho vyao, andika majina na ofisi mbele yao, sema unaomba hilo takwa kwa maandishi, na uulize kwa upole majirani wa kushoto na kulia wametoa karatasi za babu zao? Uhamiaji wana haki ya kuuliza uraia wa mtu, hilo tusidanganyane, ila Katiba ibara ya 13 inamkataza mwenye madaraka kumbagua mtu kwa rangi au pahala alipotokea. Mkishindwana, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kapeleke malalamiko.

Baba usimseme vibaya. 1971 serikali ilitaifisha majengo ya thamani ya shilingi 100,000 kwenda juu, sheria haikutaja Wahindi lakini nenda kahesabu nani walinyang'anywa, mwaka uliofuata tu hapo ng'ambo ya ziwa Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 wafungashe. Mtoto akikulia nyumba inayosimulia hayo kila jioni anajifunza kunyamaza na kuweka hela ya soda karibu.

Sasa mwanangu nikuulize na mimi, maana barua yako nimeisoma mara mbili. Kile kikombe cha plastiki. Kwanini kinakaa nje juu ya boksi la mita? Ndani nina hakika kuna vikombe vya udongo, na baba anakunywea hivyo na wewe pia. Miaka 11, kijana amekufundisha lugha ya mama yake, ameingia kati kukutetea mbele ya watu wenye mafaili, halafu akatoka nje kumalizia chai yake juani. Labda mwenyewe anapenda hewa, sijui, ila umekitaja kama vile unataja mlango, hujakiona. Hao jamaa nao ukiwauliza leo watakwambia hawakubagua mtu, walikuwa kazini tu.

Kesho asubuhi kabla ya kutafuta karatasi za babu kammiminie kijana chai kwenye kikombe kama chako, ndani, na baba awepo. Atashtuka kidogo. Halafu niandikie, nataka kujua kijana alikaa wapi.