Swichi za kusimamiwa kwa bajeti ndogo: anza na kitakachochomekwa, majina baadaye

Mkuu, umeuliza ununue swichi gani za kusimamiwa (zile unazoweza kuzipanga na kuzichungulia kupitia kompyuta) kwa bajeti ndogo. Umesema ofisi ina watu kama 40, ghorofa mbili, swichi zilizopo ni zile za kuchomeka tu zisizo na mipangilio yoyote, na sasa mnaongeza simu za IP, kamera na vifaa vya Wi-Fi vya darini. Wachangiaji waliotangulia wamekutajia makampuni. Mimi nafunga na kutunza mitandao ya ofisi za ukubwa huo, na naona swichi nyingi zinazowatesa watu ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba aliyezinunua hakujua nini kitachomekwa kwenye poti zake.

Jambo la kwanza ni umeme, yaani PoE: kifaa kupata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao. Boksi likiandikwa "poti 24 za PoE+" usidhani poti zote 24 zitatoa umeme kamili kwa pamoja. Kiwango cha PoE cha 802.3af kinatoa hadi wati 15.4 kwa poti, 802.3at (ndiyo hiyo PoE+) hadi 30, na 802.3bt cha mwaka 2018 hadi 90. Poti 24 zikitoa wati 30 kila moja ni wati 720. Sasa soma karatasi ya sifa za swichi nyingi za bei nafuu za ukubwa huo: bajeti nzima ya PoE iko kwenye wati 190 hivi. Ukigawanya, kila poti inapata wati 8 na si zaidi. Kwa simu za mezani inatosha na kubaki. Kwa vifaa vya Wi-Fi vya kisasa na kamera za kuzunguka, haitoshi.

Niliwahi kuitwa kwenye ghala moja ambako kamera zilikuwa zinakatika kila giza likiingia. Mchana shwari. Walishabadilisha kebo na kinasa picha, na walikuwa mbioni kubadilisha kamera zenyewe. Nikafungua ukurasa wa PoE wa swichi yao nikakaa nao hadi jioni. Mwanga ulipopungua, kamera moja moja zikaanza kuwasha taa zake za infraredi, na poti iliyokuwa ikila wati 4 ikapanda hadi 9. Jumla ilipogota kwenye bajeti, swichi ikaanza kuzima poti zenye kipaumbele cha chini, nazo zilikuwa za kamera za nyuma. Kamera chache zikahamishiwa kwenye swichi nyingine, mambo yakaisha. Swichi isiyosimamiwa isingekuonyesha hata namba moja kati ya hizo. Na kamera ikiganda juu ya nguzo, unazima na kuwasha umeme wa poti yake ukiwa umekaa kwenye kiti chako, ngazi inabaki stoo.

Kwa hiyo orodhesha kila kifaa na wati zake za juu kabisa, jumlisha, kisha ongeza kama robo. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Kuhusu uwezo wa usimamizi, usilipie usichokihitaji. Ofisi yako inataka VLAN za 802.1Q (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa iliyotengana) ili simu, kamera, wageni na kompyuta za wahasibu visichanganyike. RSTP na kinga ya luupu, za kuzuia data kuzunguka bila mwisho kebo ikirudi kwenye mtandao uleule. Na DHCP snupingi (kuchuja nani anaruhusiwa kugawa anwani) ili mtu akileta ruta yake ya nyumbani isianze kugawa anwani za IP ofisi nzima. Kinga ya luupu watu huidharau mpaka siku mfanyakazi anapookota kebo inayoning'inia na kuichomeka kwenye soketi ya pili ukutani: taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja, mtandao mzima umelala, nawe unachomoa kebo moja moja kumtafuta mchawi. Yenye kinga inafunga poti hiyo tu na kukuandikia ni ipi.

Swichi za Leya 3 (zinazopitisha data kati ya VLAN zenyewe bila ruta) ziache, ruta yenu itaunganisha VLAN hizo bila shida kwa watu 40. Lakini pia usishuke mpaka chini kabisa. Baadhi ya zile ndogo zinazoitwa "smati" ukurasa wake wa usimamizi hauna HTTPS wala huwezi kuufungia kwenye VLAN moja, maana yake mgeni wa Wi-Fi naye anaweza kubisha hodi.

Kati ya ghorofa, vuta faiba na uchukue swichi zenye poti za SFP+ (za kuchomekea moduli ya faiba) za gigabiti 10 kama mna seva ya mafaili inayotumika sana. Kama hamna, gigabiti 1 inatosha. Uliza kabla kama swichi inakubali moduli za makampuni mengine, kwa sababu zipo zinazozikataa. Kebo za Cat5e zilizomo ukutani usizing'oe, zinabeba gigabiti 2.5 hadi mita 100.

Sasa majina. TP-Link Omada na Aruba Instant On ni rahisi kwa mtu asiye fundi wa kudumu. UniFi nayo inapendeza, ila kuipanga kunahitaji programu yake ya udhibiti iwe inaendeshwa mahali. Ikizimwa, swichi zinaendelea kupitisha data. MikroTik inakupa mengi kwa bei ndogo, lakini ukipanga VLAN vibaya data inapitia kwenye prosesa badala ya chipu ya swichi, kasi inaanguka na utalaumu kifaa bure. Ichukue kama yupo anayeijua. Zinazouzwa kwa leseni ya mwaka, soma kwanza nini kinatokea leseni ikiisha.

Za mitumba sizikatai, ila soma namba ya modeli yote. Mtu anakwambia "Cisco Catalyst 2960" unafurahi, kumbe ni 2960-24TT-L: poti 24 za megabiti 100 na mbili tu za gigabiti, bila PoE. Na feni zake zikikaa karibu na meza ya mtu, malalamiko utayapata wewe.

Ningekuwa wewe, kila ghorofa ningeweka swichi mbili za poti 24, moja ya PoE na moja ya kawaida, badala ya moja ya 48. Ya PoE ikifa, angalau printa na kompyuta za upande wa pili zinaendelea na kazi.

Tuambie kamera ni ngapi na za aina gani, na kama simu mnazonunua zina poti ya pili ya kupitishia kompyuta. Kama zinayo, poti unazohitaji kwenye meza zinapungua karibu nusu.