Wino mweusi unaovujisha mwanga kwenye bodi za saketi

Swali: Niko Kondele, Kisumu. Natengeneza bodi za kudhibiti joto la mashine za kuangulia mayai. Nabandika ile filamu ya buluu juu ya shaba, naweka mchoro niliochapisha kwa printa ya wino, kisha namulika. Mchoro ni mweusi tititi, lakini nikiosha, kati ya miguu ya IC (chipu) hubaki utando, na feriki kloridi, dawa ya kula shaba, haili shaba pale. Nibadilishe printa?

Jibu: Usinunue printa bado, fundi. Filamu ya buluu hugandishwa na miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni; panapoganda haioshwi, na shaba chini yake hailiwi. Wino wa rangi iliyoyeyushwa unaweza kuonekana mweusi kabisa na bado ukaipitisha. Wino wa pigmenti, wenye chembe za kaboni, huizuia vizuri zaidi.

Pima hivi. Tafuta ile taa ya kukagulia noti bandia, funga madirisha, uimulike karatasi nyeupe ya kawaida. Itang'aa buluu. Sasa shika mchoro wako juu ya karatasi, na kando yake sarafu ya shilingi 20. Tazama vivuli, si taa yenyewe. Kivuli cha wino kikiwa na mng'ao ambao cha sarafu hakina, mwizi umemshika.

Mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio wa printa. Ukichagua karatasi ya picha inayong'aa, printa nyingi zenye pigmenti nyeusi huiacha kabisa na kuchanganya rangi nyingine kupata weusi. Chapisha vipande vidogo kwa kila aina ya karatasi iliyo kwenye orodha, ubora wa juu kabisa, kisha uvipime kwa taa ileile. Pigmenti ikikataa kushika, ikawa inapakazika, rudi kwenye mpangilio wa picha na upandanishe nakala mbili, ukizilinganisha kwa matundu ya pembeni.

Na plastiki angavu ya kuchapishia mchoro je? Zile za kubindia ripoti kwa saiba hazifai. Wino hujikusanya matone. Waulize wachapishaji wa fulana, maana nao hutumia filamu za printa ya wino kutengenezea skrini zao. Upande unaokwaruza kidogo ndio unaochapishwa. Mvuke wa ziwa huufanya unate, kwa hiyo zifunge kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Geuza mchoro kama kwenye kioo, ili wino ulale moja kwa moja juu ya filamu ya buluu. Wino ukiwa juu, mwanga hupenya kando chini ya unene wa plastiki, na hapo kati ya miguu ya IC ndipo pa kwanza kuumia. Vitundu vidogo kwenye weusi visikusumbue sana: filamu yako ni hasi, yaani panapopata mwanga ndipo panapobaki, kwa hiyo vitakuachia vidoa tu vya shaba, na kimoja kikiunganisha njia mbili utakikwangua kwa wembe.

Halafu punguza muda. Funika kipande cha majaribio kwa kadibodi, uisogeze kila sekunde 30, uoshe kwa sodiamu kaboneti gramu 10 kwa lita moja ya maji. Chukua muda mfupi zaidi ambao njia zinabaki imara. Jua la Kisumu ni kali, lakini wingu moja tu huvuruga hesabu, tumia taa ya urujuanimno.

Ukiyafanya haya na kivuli bado kimepauka, hapo ndipo utafute printa yenye pigmenti nyeusi.