Ngumi zilinifundisha kupumua kabla ya kunifundisha kupiga

Mdogo wangu, umeuliza kama kujiunga na ngumi kutakuondolea ule udhaifu wa kutetemeka na kulengwalengwa na machozi kila bosi anapokufokea mbele ya wateja. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi, maana nilikuwa na ugonjwa huohuo.

Nilianza mwishoni mwa 2018. Septemba ile bondia wetu Hassan Mwakinyo alikuwa amemmaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili tu, tena kwao Birmingham, na kila kijana wa Manzese akajiona naye anaweza. Tulijaa kwenye kile kibanda cha mabati hadi kocha akawa anatupanga kwa zamu. Kufikia Pasaka tulibaki saba. Miezi mitatu ya mwanzo hatukumpiga mtu: kamba, kukimbia alfajiri, hatua za miguu, basi. Waliokimbia hawakukimbia kipigo, kilikuwa bado hakijaanza. Walichoshwa na kurudia kitu kilekile.

Siku ya kwanza ya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, nikapangiwa dogo mwembamba anayeuza maji stendi. Nikamdharau. Jabu yake ya kwanza, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, ikanikuta puani, na ukipigwa pua machozi yanatoka yenyewe, hata uwe mbabe wa namna gani. Nikaona aibu, nikafumba macho, nikabana pumzi, nikaanza kurusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Raundi ni dakika tatu. Dakika ya pili haijaisha, mikono haiinuki. Kocha akaniambia: "Machozi yaache yatoke. Macho ndiyo usifumbe. Na toa hewa, injini umeizima mwenyewe." Ule mlio wa "tss" unaousikia kwa mabondia wakirusha ngumi ndiyo hewa yenyewe.

Baada ya wiki kadhaa nikagundua kwamba dukani nikifokewa nafanya vilevile: nabana pumzi, naangalia sakafu, hata kinachosemwa sikisikii. Nikaanza kutoa hewa polepole na kumtazama mtu katikati ya nyusi. Moyo uliendelea kudunda, magoti yakacheza kama kawaida. Lakini sasa nasikia maneno, na nikiyasikia naweza kujibu: "La risiti ni kosa langu, la mzigo siyo langu." Usisubiri woga uishe ndipo uanze. Mimi hadi leo kabla ya kupanda ulingoni naenda haja ndogo mara tatu.

Kitu kingine nilichokichukua ni ile dakika moja ya kona, unapopumzika kati ya raundi na raundi. Kocha mzuri hakurundikii mambo matano. Unanyweshwa maji, unafutwa uso, unaambiwa kitu kimoja: "Kushoto juu." Mwaka juzi kodi ya nyumba, ada ya mtoto na mama kulazwa viliniangukia wiki moja. Nilitoka nje, nikakalia ndoo, nikajiuliza ni ngumi ipi inanipata sasa hivi. Ilikuwa ya mama. Mwenye nyumba nikampigia kumwomba wiki mbili, akanung'unika, akakubali.

Sasa niseme na lile ambalo watu wa mazoezi hawapendi kulisema. Ujasiri wa ulingoni haukunifuata nyumbani. Nilipoteza mtaji kwenye kuku wa nyama, na mimi ninayesimama mbele ya ngumi nikashindwa miezi minne kumwambia mke wangu. Tena hasara yenyewe niliikuza kwa ugumu huohuo: vifaranga wanakufa, mimi naongeza pesa, najiambia bondia hakati tamaa. Uongo mtupu. Kona ina taulo kwa kazi hiyo: likirushwa ulingoni, pambano limesimamishwa. Kocha wetu akiona mtu ameyumba na macho hayatulii, anamtoa, na harudi kupigana hadi apone kabisa. Ukibisha anakufungua mwenyewe bandeji unazofunga mikononi chini ya glavu. Kuku wangu hawakuwa na mtu wa kurusha taulo, kwa sababu aliyefaa kulirusha nilikuwa nimemficha.

Kuhusu bosi wako, kumbuka Kinshasa, Oktoba 1974. Muhammad Ali aliegemea kamba za ulingo akajifunika, mpinzani wake George Foreman akarusha hadi mikono ikaisha nguvu, raundi ya nane akaenda chini. Bosi naye ana pumzi zake. Mwache amalize, kisha sema lako kwa sauti ya kawaida. Ila hiyo ni kwa maneno tu. Akikuwekea mkono au akikukata mshahara bila sababu, huko siyo kuegemea kamba tena, nenda kwa afisa kazi.

Ukiamua kuanza, nenda na bandeji zako na kinga yako ya meno, hivyo haviazimwi. Glavu za kuanzia utapewa, ingawa zinanuka. Na bosi usimwambie unajifunza ngumi. Mimi nilimwambia wangu, sasa kila akija mteja mkorofi naitwa mimi.