Mbele chuma, nyuma watu

Mmeuliza wiki hii: ni umati gani uliowahi kukutia hofu, na je, ungerudi tena? Wangu ni wa gwaride la Halloween, ile sikukuu ya kuvaa mavazi ya kujigeuza, New York, tarehe 31 Oktoba 2022. Na ndiyo, nilirudi.

Siku mbili kabla yake, katika shamrashamra za Halloween hiyo hiyo mtaani Itaewon, mjini Seoul, watu zaidi ya 150, wengi wao vijana, walikufa kwa kubanwa katika kichochoro chenye upana wa mita tatu hivi. Simu za kuomba msaada zilikuwa zimeanza kupigwa zaidi ya saa tatu kabla. Wengi hudhani mauti ya msongamano ni ya kukanyagwa. Mara nyingi ni ya kukosa pumzi: kifua kinabanwa mbele na nyuma hata mapafu yashindwe kutanuka. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma, lakini nilishamwahidi mpwa wangu wa miaka tisa, nikamchukua.

Gwaride hilo, la mtaa wa Greenwich Village, huanza saa moja usiku na kupanda Sixth Avenue kuelekea kaskazini. Tulitokea kituo cha treni cha West 4th Street, tukajipenyeza hadi kwenye vizuizi vya chuma ili mtoto aone. Vikaragosi vikubwa vya mifupa ya binadamu vikapita vikiinama juu ya vichwa vyetu, naye akapiga vigelegele. Kisha treni ikashusha watu. Ikaja nyingine. Mbele chuma, nyuma watu. Miguu haikuwa yangu tena; wimbi likija naenda nalo, likirudi narudi nalo. Wanaochunguza mikusanyiko husema wakifika watu watano au sita katika mita moja ya mraba, umati huanza kwenda kama maji. Ndivyo ilivyokuwa.

"Mjomba, sipati hewa." Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo tu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikampandisha begani, nikakinga kifua kwa mkono mmoja. Sikusukuma, maana ukisukuma unarudishiwa. Kila wimbi lilipolegea nilipiga hatua moja kwa mshazari, hadi tukatokea mtaa wa pembeni. Umbali wa maduka mawili ulituchukua kama dakika kumi.

Nilirudi kwa sababu naipenda asili ya gwaride hili. Ralph Lee, mtengenezaji wa barakoa na vikaragosi, alilianzisha mwaka 1974 kama matembezi ya watoto wake na wa majirani, nyumba hadi nyumba. Mpaka leo, yeyote aliyevaa vazi la kujigeuza anaruhusiwa kuingia kwenye gwaride lenyewe, na katikati ya barabara ile kuna nafasi ya kunyoosha mikono! Lee alifariki Mei 2023. Oktoba hiyo tukajipanga upande wa Canal Street, wanakojipanga washiriki, mpwa wangu akiwa pweza mwenye mikono minane ya maboksi, mimi nikiwa na kichwa cha samaki aina ya changu, kama wale wa Tanga kwetu. Foleni ilikuwa ndefu, lakini tulipumua.

Tulipokaribia ngazi zile za kituo, nilimwona msichana mdogo uso wake umegandamizwa kwenye chuma. Nikavua kichwa cha samaki, nikamfuata baba yake, nikamwambia ampandishe begani. Akampandisha.