Maswali yenu kuhusu wadudu: njia ya sisimizi, ngoma ya nyuki, mbu wa pipa

Nikiwafagia sisimizi, baada ya muda mfupi wamerudi kwenye mstari uleule. Wanaikumbukaje njia?

Hawaikumbuki, wanainusa. Sisimizi aliyepata chakula hurudi shimoni huku akigusisha ncha ya tumbo chini na kuacha feromoni, kemikali ambayo wenzake huinusa kwa vipapasio vyao. Kila anayerudi na chakula huongeza yake. Chakula kikiisha, harufu hufifia yenyewe. Ufagio huondoa sisimizi tu. Ondoa chakula kwanza, kisha futa njia nzima kwa maji ya sabuni mpaka kwenye ufa wanakotokea.

Ni kweli nyuki huelekezana kwa kucheza?

Kweli kabisa, na kwangu hakuna lugha ya wadudu inayoshangaza kuliko hii. Nyuki aliyepata maua hukimbia kwenye sega akitikisa tumbo. Akikimbia wima kwenda juu, maua yako upande wa jua. Akiinama digrii 40 kulia, ruka digrii 40 kulia kwa jua. Muda wa kutikisa ndio umbali: takriban sekunde moja kwa kilomita moja. Mzingani ni giza, kwa hiyo wenzake humfuata kwa kumgusa. Aliyeifumbua ngoma hii ni mwanasayansi Karl von Frisch, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Wadudu wana masikio?

Baadhi wanayo, ila si kichwani. Ya nyenje yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Ya panzi yako ubavuni, mwanzo wa tumbo.

Kila wiki namwaga maji ya pipa, lakini mbu hawaishi. Nakosea wapi?

Humwagi mayai. Mbu mwenye madoa meupe miguuni, yule anayeeneza dengi, hutaga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hunata na huweza kukaa makavu kwa miezi. Ukijaza maji tena, yanaanguliwa. Kwenye joto, safari ya yai, kiluwiluwi, pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu) hadi mbu kamili huchukua kama siku 7 hadi 10. Basi kila wiki mwaga maji, sugua kuta kwa brashi ngumu, suuza, kisha funika pasibaki upenyo.

Kabla ya kumwaga, watazame viluwiluwi. Wanaoning'inia kichwa chini wanapumua kwa mrija ulioko mkiani. Wanaolala sambamba na uso wa maji hawana mrija huo: hao ni Anofelesi, mbu wa malaria. Na anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji protini ya damu kutengeneza mayai. Dume hunywa maji matamu ya maua na mimea.

Nilifuga kiwavi kwenye chupa. Kipepeo ametoka na mabawa yaliyokunjamana. Kwa nini?

Alikosa pa kushika. Kipepeo hutoka na mabawa madogo, malaini, yenye unyevu. Lazima ajining'inize ili asukume majimaji ya mwili ndani ya mishipa ya mabawa mpaka yatanuke. Ukuta wa chupa unateleza, akaanguka. Safari ijayo weka kijiti chenye magome au kitambaa, na nafasi ya kutosha chini yake. Usimpasulie ganda kumsaidia. Mabawa yakishakauka yakiwa yamekunjamana, hayanyooki tena.