Harufu nzito katika chumba kilichofungwa tangu masika

Dada, umeeleza kwamba chumba cha mama hapo mtaa wa Umoja, Nairobi, kilifungwa tangu mvua za masika, na kwamba kila ukipuliza manukato harufu nzito hurudi baada ya saa moja. Manukato hufunika tu harufu ambayo chanzo chake, mara nyingi, ni unyevu na kuvu.

Fungua dirisha pamoja na mlango ulio mkabala nalo, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuanzia saa nne asubuhi, jua likitoka, panafaa kuliko alfajiri zetu za Julai zenye ukungu. Wakati huo toa godoro, pazia na zulia uvianike, kisha sogeza kabati kutoka ukutani. Mimi niliposogeza langu nilikuta madoa meusi yametambaa hadi kwenye koti la sufu, ilhali wiki nzima nilikuwa nimelaumu bomba la choo. Ukikuta madoa kama hayo, yapanguse kwa siki, ukiwa umefunika pua, lakini usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Wala usiwashe jiko la makaa ndani ili kukausha chumba, kwa kuwa monoksidi ya kaboni haina harufu na huua.

Ukuta ukiendelea kuloa, mwite fundi wa mabomba. Mama akibanwa na kifua, mpeleke kwa daktari kabla hajarudi kulala humo.