Mkifika Kijijini, Anzeni na Nyanya

Kwenu mnaomaliza mafunzo ya afya ya jamii hapa Nairobi na kusubiri kupangiwa vijiji: kabla ya kufundisha lolote, jueni nani anaamua katika nyumba hiyo. Darasani tunamlenga mama aliyejifungua. Kule mashinani, mama huyo mara nyingi anaishi bomani kwa mama mkwe, yaani nyanya wa mtoto, na mtoto akilia usiku, mama mkwe ndiye anayesema apewe maji au uji mwepesi. Ukimwambia mkazamwana peke yake kwamba mtoto anyonye tu kwa miezi 6, bila hata tone la maji, umemwachia ugomvi asioweza kuushinda.

Waketisheni pamoja. Nyanya aulizwe kwanza alivyolea wanawe, na asikatizwe. Akitaja kumpikia aliyejifungua na kumwachia apumzike, msifuni mbele ya mkazamwana, maana hayo ni kweli na ni ya maana sana. Kisha elezeni kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa jua kali, na kwamba maji ya mtoni humletea mtoto mchanga kuhara.

Na mtoto akihara? Zahanati ina pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki. Pakiti zikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vyote vikisawazishwa juu. Hapa msihutubu. Mjukuu wa shule asome vipimo kwa sauti, nyanya apime, mama akoroge. Angalieni kijiko chenyewe, kwani jikoni huweza kuwa na kile cha mezani tu, na chumvi ikizidi ni hatari. Nyanya aonje: isizidi chumvi ya machozi.

Presha ni kazi ndefu zaidi. Mzee akiacha kuumwa kichwa huona amepona, anaweka dawa kando. Mjukuu anaweza kumkumbusha kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Yupo pia mwana aliye mjini, Kayole au Rongai, anayetuma pesa za dawa na kupiga simu kuuliza tu kama wote wazima. Mwambieni aulize vidonge vimebaki vingapi. Ila ombeni ruhusa ya mzee kabla ya kupiga simu hiyo. Wengine hawapendi watoto wajue wanaugua, na hiyo ni haki yao.